Harusi ya Viti Ishirini

Raya, mwanangu,

Assalamu alaykum. Najua ni kichekesho mtu kumwandikia barua mwanawe aliyeko chumba cha pili. Nnakusikia hapa unavuta zipu ya begi, inakwama, unaifungua, unaanza tena. Lakini wiki ya tatu hii mie na wewe hatusemezani ila "chakula tayari" na "simu yako hiyo", na kesho asubuhi baba yako anakupeleka uwanja wa ndege, unatangulia wewe, wengine watafuata. Nikija kukwambia kwa mdomo ntalia, ama ntagomba, unanijua. Basi nimesali alasiri, nimeizima redio, nimekaa hapa jikoni na daftari ya mpwa wako.

Sikuandikii habari ya sweta, wala bizari isimwagike begini, wala umpigie baba yako ukifika. Umepanga harusi nzima kwa kompyuta: ndege, meli, hoteli yenye vyumba sita, mpaka mbuzi na nani atawachinja. Mie niliyepanga harusi za watu mji huu nisijue idadi, nisingejua nianzie wapi. Nlikuwa nnakuona ukirudi kazini unakaa pale mezani na makaratasi yako, nikajisemea moyoni, huyu mtoto ana akili. Nikakuuliza mbona hujala. Sifa zako nlikwenda kuwasimulia watu wengine, wewe mwenyewe sikukupa.

Uliponambia mara ya kwanza tulikuwa hapa hapa jikoni. Ukasema nikahi itafungwa Maskati, msikitini kwetu Azaiba, baba yako akuozeshe kama kawaida. Lakini karamu iwe kisiwani kwa bibi yake Suleiman. "Watu ishirini, Mama."

Nikakuuliza, "Ishirini mia?"

"Ishirini, Mama. Kumi na kumi."

Nikacheka nikidhani utacheka. Ukanieleza taratibu. Mama yake Suleiman alikuwa Mgiriki wa Tanga, kazaliwa kwenye mashamba ya mkonge, akasilimu, akaolewa Unguja, akafariki Suleiman angali mtoto. Upande ule amebaki Bibi Eleni peke yake, miaka thamanini na ushei, karudi kisiwani kwao, magoti hayamsaidii, ndege hapandi. Na uwanja wa nyumba yake unachukua viti ishirini. "Hawezi kutujia," ukasema, "basi tutamfuata sisi." Mie nikasema inshaallah. Inshaallah yangu unaijua, ungeshika hapo hapo kuwa pana jambo.

Wiki ya pili yake kukawa na maulidi kwa shangazi yako Zuwena. Wanawake wamejaa, halwa inazunguka, mmoja akapaza sauti: "Jamani, harusi ya Raya lini? Mbona kimya?" Wakanigeukia wote. Sasa wewe nambie, mtu wa kwetu atajibu nini pale? Atasema hamkualikwa? Sisi hatuna ulimi wa kumwambia mtu maneno hayo usoni. Nikasema, "Mwezi wa sita, Ugiriki. Karibuni nyote."

Karibuni ile ni ile anayoisema mtu na tonge liko mkononi. Anayepita anajibu ahsante, nimeshiba, anakwenda zake. Nikadhani watajibu hivyo. Nani atakwenda Ugiriki? Viza, meli, magoti yao hao hao. Lakini hakuna aliyesema ameshiba.

Na mpaka hapo nlikuwa na udhuru, Raya. Hivi ndivyo nlivyowaelezea baba yako na dada yako Asya: nlisema kwa adabu, wao wakachukua kweli. Wewe pia nlikwambia hivyo. Kuna kitu sikukwambieni.

Kesho yake Zuwena alinipigia simu. Unamjua shangazi yako, si mtu wa kujipeleka pasipo pake. Akanambia, "Wifi, jana ulisema kweli ama ulikuwa unatustahi tu? Nambie wazi, sintokasirika." Alinifungulia mlango mwenyewe. Nlikuwa na neno moja tu la kusema, na asingekasirika kweli. Nikasema, "Kweli, wifi. Njooni." Nlisema kwa furaha, wallahi. Nlikata simu nikawa nnaimba huku nnachambua mchele. Nlikuwa nnawataka waje. Nlijua hutaki, nikasema atazoea tu, akiwaona pale na sare zao atafurahi.

Kwa hivyo si ulimi ulioteleza. Nlikusudia.

Ukaja kujua kwa fundi. Umekwenda Ruwi kuchukua gauni lako, ukakuta pale ukutani magauni ishirini na mbili ya zambarau, kitambaa kimoja, mshono mmoja. Ukamuuliza ya nani. Fundi wa watu, Mhindi wa watu, akakujibu kwa furaha zote kwamba hayo ni ya harusi ya Ugiriki. Nnajua umesimama pale ukiona haya mbele ya mtu baki kuliko aibu yoyote nliyowahi kukutia. Ulipoingia nyumbani uso wako ulikuwa mweupe.

"Mama, harusi hii ya nani?"

Na mie badala ya kusema nimekosa, nikasema, "Harusi ni ya watu! Tangu lini harusi ikawa ya mtu mmoja?"

"Basi baki na watu wako."

"Ntabaki nao! Siji!"

Ikawa ndiyo hivyo. Tiketi yangu imo kwenye saraka, viza imo kwenye pasi, na mie nlisema siji.

Nataka ujue ile siji ilitoka wapi. Mie harusi yangu sikukuhadithieni vizuri. Mkiuliza picha nlikuwa nnasema zimepotea tulipohama. Hazikupotea, hazikupigwa. Nliolewa Unguja mchana wa Jumanne, miaka ambayo watu wakikusanyika nyumbani walijiwa na watu wa serikali kuulizwa wamekusanyikia nini. Tulikuwa watu tisa, madirisha yamefungwa, na joto lile. Nikahi ilisomwa chumba cha mbele kwa sauti ya chini. Shangazi yangu alijisahau akapiga kigelegele kimoja, mama yangu akamziba mdomo kwa kiganja. Nlikuwa na miaka kumi na tisa. Mwezi ule ule tukaondoka, mie na baba yako na sanduku moja, tukafikia huku Maskati, Ruwi, kwa Zuwena, tukakaa kwake miaka miwili, hakutuuliza hata siku moja mnahama lini.

Tangu siku ile nliapa. Nikipata mtoto wa kike, kigelegele chake kitasikika mpaka ng'ambo ya barabara. Uliponambia watu ishirini, mie sikusikia kisiwa wala Bibi Eleni. Nlisikia madirisha yanafungwa. Kwako wewe harusi ndogo ni kitu umekichagua. Kwangu ilikuwa kitu tulichofanyiwa. Hilo nimelijua juzi tu, na umri huu wote.

Kwa Asya nlilipiza. Wewe ulikuwa mdogo bado, lakini ukumbi ule unaukumbuka, na wanawake mia sita, na taarabu, na watu wamesimama kwa kukosa viti. Mji mzima ulisema harusi ya Asya ilikuwa harusi. Nlitembea na sifa hizo miaka. Halafu siku moja, keshazaa mtoto wake wa kwanza, tulikaa kwake tukatia ile kanda ya video. Nikawa nnasema yule fulani, yule fulani, tazama gauni la yule. Mara Asya akasema, "Mama, unaona hapo nnatazama wapi?"

Nikatazama. Bibi harusi amekaa juu, amepambwa, na macho yanahangaika ukumbi mzima. Huku, kule, mlangoni.

"Nlikuwa nnakutafuta wewe," akasema. "Usiku kucha. Hukuja kukaa na mie hata dakika."

Wala hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayesoma saa. Nikamwambia lakini wageni, mwanangu, chakula, nani angepokea watu? Akasema, "Naam, Mama, najua." Akaondoka kwenda kumtazama mtoto. Kanda ikaendelea, na mie nikajiona nnapita nyuma mara tatu na sahani mkononi, mgongo wangu tu. Mara tatu zote sikugeuka.

Sasa, kwenye ile harusi yangu ya watu tisa, mama yangu alikaa pembeni yangu tangu asubuhi mpaka nlipotolewa. Hakuwa na mgeni wa kumpokea. Alikuwa ananipepea kwa kipepeo cha ukili, ananifuta jasho, ananinong'oneza mambo ya kipuuzi nisilie, ati bwana harusi kavaa viatu vya kuazima, tazama anavyochechemea. Kweli baba yako alikuwa anachechemea. Nlicheka siku ya harusi yangu, Raya. Miaka yote nimehesabu nlichonyimwa siku ile, nikakisahau hicho. Na Asya, niliyempa watu mia sita, hicho sikumpa.

Ungedhani ningejifunza pale pale mbele ya video. Sikujifunza. Nliona haya, na haya ikinishika mie hunyamaza. Nlimnyamazia Asya habari ile mpaka leo. Na baba yako nlipata kumnyamazia mwezi mzima, tuko Ruwi bado, kwa sababu ya neno alilonambia mbele ya dada yake. Siku ya kumaliza hatukukumbuka hata lilikuwa neno gani. Wewe ukikasirika unanyamaza vile vile, midomo inabana upande mmoja, nnaiona kila siku kama nnajitazama kwenye kioo. Umeipata kwangu. Suleiman ni mtu wa kusema, hawezi kimya, kitamuumiza. Sina dawa ya kukupa, kwa sababu mwenyewe sijapona. Nnakwambia tu ulikoitoa.

Hebu nikwambie kilichonitoa kwenye kiti.

Wiki iliyopita, umetoka, simu imelia. Sauti ya mwanamke mtu mzima, Kiswahili cha Tanga safi kabisa. "Hujambo mwanangu? Mimi Eleni, bibi yake Suleiman." Nikashtuka, nikajifunika ushungi kama vile ananiona. Akanambia amesikia wageni wameongezeka. Hakulalamika, usidhani. Alikuwa ananipa khabari: viti ishirini anavyo, padri amekubali kumwazima mabenchi mawili, na hoteli ya kule chini imekataa, haina vyumba, lakini jirani ana ghala la zeituni linaweza kufagiliwa. "Watalala vizuri," akasema, "Ni pakavu."

Raya, nlimwona Zuwena kwenye ghala la zeituni. Nlitaka ardhi inimeze.

Kisha akaniuliza, "Wewe utapenda kukaa kulia kwa bibi harusi au kushoto?"

Nikamwambia, "Mie siji, mama."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Tumekosana kidogo na mwanangu."

Nikasikia anavuta kiti, anakaa. Halafu akasema, "Binti yangu alipoolewa Unguja mimi nilikuwa Tanga, hapo tu. Nilisema siendi, na sikwenda. Nilikuwa na hasira ya dini, na ya jirani watasema nini, mambo mengi. Nimeona picha mbili. Moja kafumba macho."

Nikasema Mungu amrehemu. Akasema amina, akaniuliza kama huku nazi za kukuna zinapatikana, tukazungumza nazi, tukaagana. Yeye hakuninasihi neno, na mie sikumwomba.

Nlikaa pale kwenye simu mpaka baba yako aliporudi kutoka wizarani. Nikamwambia, usivue viatu, nipeleke majumbani kwa watu. Akauliza kuna msiba? Nikamwambia bado.

Siku nne tumezunguka, Raya. Ndiyo zile siku ulizodhani nnakukimbia. Nyumba kumi na moja. Baba yako anakaa garini injini inawaka, kama dereva wa mwizi, na mie naingia, nakunywa kahawa, halafu nasema: "Nlikualikeni kwenye harusi isiyo yangu. Mwenye harusi ana viti ishirini na hakunituma. Nimekuja kuurudisha mwaliko wangu, na nnaomba radhi." Maneno hayo hayo kila nyumba, kwa sababu nlijua nikibadilisha hata moja nitaanza kukusingizia wewe. Wengine walicheka wakasema wameokoka na meli. Mmoja alisimama akaniacha ukumbini peke yangu. Bi Salma aliniuliza gauni alivae wapi sasa, nikamwambia alivae popote atakapo, lina haki ya kuvaliwa.

Zuwena nlimweka mwisho, kwa woga. Nikamwambia yote, na ile simu pia, kwamba alinifungulia mlango na mie nikaufunga. Alinisikiliza akiwa anakunja nguo za wajukuu, hakuacha kukunja. Akasema, "Umri wangu huu sijaona mtu anarudi kuchukua mwaliko."

"Hata mie sijaona, wifi."

"Ungenambia siku ile."

"Najua."

"Mtoto hana kosa," akasema. "Mtoto mwambie nnampa mkono wa baraka. Wewe niache kwanza." Akachukua nguo zake akaingia ndani.

Yule ndiye aliyenipokea mie nina sanduku moja. Sijui ataniacha kwa muda gani. Ntakwenda tena, na tena, mpaka anichoke. Sikuandikii haya ili uone nimelipa, tumalize. Nimevuruga mwenyewe, nimekwenda kupangua mwenyewe, basi. Nakwambia ili usisafiri na watu ishirini na mbili mgongoni. Hawaji. Hakuna anayekukasirikia, nimehakikisha nyumba kwa nyumba kuwa wanajua ni nani wa kumkasirikia. Na Bibi Eleni nimempigia, nimemwambia mabenchi ya padri yarudi.

Suleiman nampenda, hilo pia sikukwambia. Siku ya nikahi, Alkhamisi ile kabla hatujakosana, alipokuja kunipa mkono alikuwa analia waziwazi mbele ya wanaume, wala hakujifuta. Nikasema huyu hatokuficha kitu.

Maghribi inakaribia na zipu nasikia imekubali. Nimebakiwa na neno moja.

Mambo yetu unayajua. Kadi ni ya watu wa ofisini. Mtu wa kwetu haendi harusini kwa kadi, wala kwa tiketi iliyomo kwenye saraka, wala kwa kuwa ni mama. Anafuatwa nyumbani kwake, anaambiwa kwa mdomo. Nlipowarudisha wale wote nikahesabu waliobaki: wa kwao Suleiman, baba yako, Asya na mumewe, marafiki zako. Wote umewaalika mwenyewe, nimekusikia kwenye simu. Mie neno la mwisho uliloniambia la harusi hii ni baki na watu wako, na ulikuwa na haki nalo. Tangu hapo hujasema jingine, na mie sina ruhusa ya kujialika. Kazi hiyo nimeshaifanya mara moja, umeona ilivyotoka.

Kwa hivyo barua hii nnaipenyeza chini ya mlango wako, halafu nnarudi jikoni kukaa. Ukiona ni bora niseme duaa nikiwa hapa hapa Maskati, ntasema, na kesho ntakubusu mlangoni na moyo safi, na haki ya Mungu sintokudai. Harusi ni yako.

Lakini kama unanitaka, njoo uniambie kwa mdomo. Kulia ama kushoto, popote. Sintosimama kumpokea mtu, sintoshika sahani. Ntakaa.

Mama yako